Ushuru uliofutwa kwa sababu ya koka

Hii ni hotuba niliyoitoa Moshi mbele ya wanaushirika, wakulima wa kahawa na wanafunzi. Naiweka yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha na majedwali yaliyoonyeshwa ukutani nimeyaacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, vijana wangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie upendeleo wa kibiashara, yaani pale nchi kubwa inapoiambia nchi ndogo: leteni bidhaa zenu, hatutawatoza ushuru. Miaka hii tumeusikia sana kwa sababu ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuzifutia ushuru bidhaa za Afrika, na kila tukiusikia tunapiga makofi. Sikuja kuwakataza kupiga makofi. Nimekuja kuuliza. Ushuru ukifutwa, nani anafaidika? Nani anaulipia? Na yule mkulima ambaye jina lake ndilo lililotumika kuombea huo upendeleo, mwisho wa yote anaambulia nini?

Nitawapeleka mbali, kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kwa nini huko? Kwa sababu huko jambo hili lilijaribiwa kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sheria, huku hesabu zikiandikwa.

Februari 1990 marais wanne walikutana Cartagena, mji wa pwani ya Kolombia. Walikuwepo George Bush mkubwa wa Marekani, Virgilio Barco wa Kolombia, Alan García wa Peru na Jaime Paz Zamora wa Bolivia. Kokeini ilikuwa imefurika katika miji ya Marekani, na karibu majani yote ya koka yanayotengenezewa kokeini yalikuwa yanalimwa katika nchi hizo tatu za Andes. Hoja ya marais wa Andes, kwa ufupi, ilikuwa hii: mnataka tung'oe koka, sawa, lakini aliyeng'olewa koka yake atakula nini? Kama mna nia ya kweli, tufungulieni soko lenu.

Tarehe 4 Desemba 1991 Bush akatia saini sheria. Ushuru ukafutwa kwa maelfu ya bidhaa kutoka Bolivia, Kolombia, Peru na Ekuador. Kifupi chake kilikuwa ATPA. Mwaka 2002 ikapanuliwa, ikachukua nguo, mafuta na samaki jodari wa pakiti. Na sheria iliiagiza tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani iwe inatoa taarifa, ijibu maswali mawili. La kwanza: viwanda na wakulima wetu wa ndani wameumia kiasi gani? La pili: je, koka imepungua?

Nawaomba mshike maswali hayo mawili, kwa sababu ni nadra sana mtoa upendeleo kujiuliza yote mawili kwa pamoja.

Lakini kabla sijayajibu, wazee wangu, turudi nyuma miezi michache kabla ya Cartagena. Julai 1989. Nani humu ndani anakumbuka bei ya kahawa ya mwaka ule?

Naona mikono. Naona na vichwa vinatikiswa. Mwezi ule mkataba wa dunia uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi chake cha kahawa ya kuuza nje ulivunjika. Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote, haikutaka tena utaratibu ule uendelee kama ulivyokuwa. Bei ikaanguka karibu nusu. Hapa Kilimanjaro viko vihamba ambavyo mibuni yake haikupogolewa tena tangu siku hizo. Watu walihamia nyanya, mahindi, ndizi za kuuza. Sasa mwenzenu wa Kolombia au Peru, mwenye ekari mbili za kahawa kwenye mteremko kama wenu, yeye alihamia wapi? Baadhi yao walihamia kwenye koka. Ilikuwa inaota jirani yao, na wanunuzi walikuwa wanapita.

Tazameni basi ajabu ya jambo hili. Zao lililokuwa mikononi mwa mkulima mdogo wa mlimani lilikuwa kahawa. Na kahawa mbichi tayari ilikuwa inaingia Marekani bila ushuru, toka zamani. Hakukuwa na kitu cha kumfutia. Alichohitaji ni bei, na bei ndiyo iliyokuwa imevunjwa zaidi ya miaka miwili kabla. Sheria ikampa mkulima wa kahawa kile alichokuwa nacho, na kile alichonyang'anywa ikakaa kimya.

Aliyefutiwa ushuru ni nani, basi? Ni mwenye asparaga. Ni mwenye maua.

Wengi wenu asparaga hamjaiona. Ni mboga ya machipukizi. Inachomoza ardhini kama kidole cha kijani, na mvunaji anainama, anaikata kwa kisu kirefu usawa wa udongo, anasogea hatua moja, anainama tena. Ukiipanda unasubiri kama miaka mitatu kabla ya kuvuna sawasawa, kisha shina lilelile linakupa kwa miaka kumi na zaidi. Haina mashine nzuri ya kuivunia mpaka leo. Ni mgongo wa mtu tu.

Asparaga mbichi ikiingia Marekani ilikuwa inatozwa ushuru wa asilimia 21.3 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa Peru ukawa sifuri. Matajiri wa Lima na wawekezaji wakaenda Ica, kusini mwa Lima. Ica ni jangwa karibu na bahari, mvua hakuna, lakini chini kuna maji. Wakachimba visima, wakatandaza mabomba ya matone, na jangwa likageuka kijani. Ukimwagilia jangwani huna msimu: unavuna mwaka mzima. Asubuhi imekatwa, imeoshwa, imeingia kwenye ubaridi, na baada ya muda mfupi iko ndani ya ndege kwenda Miami.

Sasa nendeni upande wa pili, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Huko walikuwa na zaidi ya ekari 30,000 za asparaga mwanzoni mwa miaka ya tisini, na viwanda vya kuisindika kwenye makopo. Upo mji mdogo unaitwa Dayton, watu wake hawafiki 3,000, na kiwanda cha asparaga kilikuwa ndicho mwajiri wa kutegemewa kila msimu. Kilifungwa mwaka 2005, kazi ikahamia Peru. Cha mji wa Toppenish nacho kilikuwa kimefungwa. Wakulima wakabaki na mashamba yenye mashina ya miaka kumi ijayo na hawana pa kuyapeleka machipukizi. Wakayalima kwa trekta wakayageuza chini. Ekari zikashuka chini ya 10,000. Mwaka 2008 Bunge la Marekani likatenga dola milioni 15 za kuwafidia wakulima wa asparaga.

Maua nayo yalikwenda hivyohivyo. Mwaka 1991 Marekani ilikuwa inazalisha waridi milioni 545 kwa mwaka. Leo hazifiki milioni 30. Familia zilizokuwa na vibanda vya vioo California na Colorado kwa vizazi viwili vitatu zilivifunga. Waridi zilihamia uwanda wa juu wa Bogotá, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, jua la kutosha, baridi ya kutosha, na uwanja wa ndege mlangoni. Maua ya Kolombia yalianza kabla ya sheria ile, tangu mwisho wa miaka ya sitini, kwa hiyo si haki kuubebesha ushuru mzigo wote. Lakini ushuru uliongeza kasi.

Ile tume ikaandika nini? Ikaandika kwamba kwa uchumi mzima wa Marekani athari haifikii hata kuonekana, na kwamba walioumia ni wachache: wa maua na wa asparaga. Hesabu hiyo ni sahihi. Mimi sina ugomvi na hesabu. Lakini waziri akikuambia kwamba kwa wastani wa taifa hakuna aliyeumia, muulize: na Dayton? Mtu haishi kwenye wastani wa taifa. Anaishi kwenye mji wenye kiwanda kimoja.

Na wale wa upande wa kupata? Nataka niwatendee haki. Ajira zile zilikuwa za kweli. Kwenye vibanda vya maua vya Bogotá wengi ni wanawake, na kwa wengi wao ulikuwa mshahara wa kwanza maishani wenye jina lao. Kwenye mashamba ya Ica walikwenda watu kutoka milimani wakiwa hawana kitu, wakapata kibarua. Walilipia pia. Kabla ya sikukuu ya wapendanao ya Februari, maua yanakatwa na kufungwa usiku na mchana. Na Ica maji ya chini ya ardhi yanazama mwaka hadi mwaka: kampuni kubwa inachimba kisima kirefu zaidi, mkulima mdogo jirani yake kisima chake kinakauka. Hata hivyo, mtu aliyekula kwa kibarua kile siwezi kumwambia hakikuwa kitu.

Ila swali lilikuwa koka, ndugu zangu. Nisikilizeni hapa. Uwanda wa Bogotá haulimwi koka. Ica hakulimwi koka. Koka ya Peru ilikuwa Huallaga ya Juu, ng'ambo ya milima, upande wa msitu. Koka ya Kolombia ilikuwa Guaviare, Caquetá, Putumayo, kwenye mito ambako mtu anasafiri kwa mtumbwi kutwa nzima kufika dukani. Upendeleo ulishukia bandarini na uwanja wa ndege. Mkulima wa koka hakuwa bandarini wala uwanja wa ndege.

Tufanye hesabu yake. Amepanda nanasi. Limeiva. Nanasi halisubiri. Barabara ni tope, lori halifiki, au likifika dereva anataka nauli inayozidi bei ya mzigo. Nanasi linaoza. Amepanda koka. Mti ule anauvuna mara tatu hadi nne kwa mwaka. Anachuma majani kwa mkono, anayatandaza juani mchana mmoja, yanakauka, yanakuwa mepesi, anayapakia kwenye gunia na kulibeba begani. Mnunuzi anakuja mwenyewe mpaka mlangoni na fedha taslimu mfukoni. Hana stakabadhi ya kusubiri malipo ya pili, yale ya baada ya ushirika kuuza. Hana mnada. Wanaushirika wangu mnaosubiri malipo ya pili, mnanielewa vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa serikali ya Marekani.

Niambieni: ukimfutia mtu huyu ushuru wa forodha huko Miami, umemgusa wapi?

Ndiyo maana takwimu zilikuja zilivyokuja. Peru ilikuwa na zaidi ya hekta 120,000 za koka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kufika mwaka 2000 zilibaki kama 43,000. Watu wakashangilia. Lakini sababu kubwa ni kwamba serikali ya Fujimori, rais wa Peru wa wakati huo, ilianza kutungua ndege ndogo zilizobeba koka kwenda Kolombia, wanunuzi wakatoweka, bei ikafa, na ukungu ukashambulia miti. Na wakati Peru inashuka, Kolombia, yenye maua kuliko wote, ilipanda kutoka kama hekta 40,000 hadi 163,000. Jumla ya Andes mwaka 1990 ilikuwa zaidi ya 200,000. Mwaka 2000, zaidi ya 200,000. Wataalamu wanaiita puto: ukibonyeza huku, linavimba kule. Tume ile yenyewe, taarifa baada ya taarifa, iliandika kwamba mchango wa upendeleo katika kupunguza koka ni mdogo na hauji moja kwa moja.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Tangu Mei 2012 Kolombia ina mkataba kamili wa biashara huria na Marekani. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulihesabu hekta 48,000 za koka nchini humo. Mwaka 2023 ulihesabu 253,000. Waridi zimejaa ndege, na koka haijawahi kuwa nyingi kiasi hicho.

Sasa Bolivia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Bolivia ndiyo inayoniuma.

Mwaka 1985 bei ya bati duniani iliporomoka. Serikali ya Bolivia ikafunga migodi yake, na zaidi ya wachimbaji 20,000 wakaachishwa kazi. Hebu mfikirie mchimba madini wa miaka thelathini na mitano, mapafu tayari yana vumbi, ana watoto watano. Aende wapi? Wengine waliteremka kwenye joto la Chapare, wakafyeka msitu, wakapanda koka. Wengine walikwenda El Alto, mji wa baridi kali juu ya La Paz, mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Ni ndugu haohao. Mmoja kaenda chini kwenye koka, mwenzake kapanda juu mjini.

Sheria ilipopanuliwa mwaka 2002 na kuingiza nguo, El Alto na La Paz zilipata oda. Cherehani zilisimikwa, vijana wakafundishwa, fulana na suruali zikashonwa kwa ajili ya maduka ya Marekani. Kwa mara ya kwanza upendeleo uliotolewa kwa jina la mkulima wa koka ulikuwa umemfikia angalau ndugu yake.

Septemba 2008 Evo Morales, rais wa Bolivia, mwenyewe mkulima wa koka wa Chapare, akamfukuza balozi wa Marekani. Mwezi huohuo serikali ya Bush mdogo ikatangaza kwamba Bolivia imeshindwa kupambana na dawa za kulevya. Desemba upendeleo ukasimamishwa. Mwaka uliofuata Obama naye akakataa kuurudisha.

Nani aliadhibiwa? Mkulima wa koka? Yeye hakuwa anauza Marekani kwa kupitia forodha. Aliyeadhibiwa ni aliyekaa kwenye cherehani El Alto. Kampuni kubwa ya nguo kuliko zote nchini ilipungukiwa oda, ikayumba, mwaka 2012 serikali ikaichukua ikaiita Enatex, mwaka 2016 ikafungwa. Ni kama ndugu wa kule chini ashitakiwe, wa huku juu afungwe jela. Mnaiona dhuluma hiyo?

Na koka ya Bolivia je, ilipanda baada ya upendeleo kuondolewa? Kwa jumla, hapana. Mwaka 2008 ilikuwa hekta 30,500. Mwaka 2015 ilikuwa 20,200. Ilishuka bila upendeleo wowote wa Marekani. Imekuwaje?

Mwaka 2004 rais Carlos Mesa alikubaliana na wakulima wa Chapare kwamba kila familia ilime kipande kimoja cha koka cha mita za mraba 1,600, basi. Ni chini ya robo ya kiwanja cha mpira, pungufu kidogo ya nusu ekari. Koka huko si kokeini tu, watu wanaitafuna na kuinywa kama chai tangu enzi na enzi, kwa hiyo kipande hicho ni cha halali. Mashamba yakapimwa, hati zikatolewa, na aliyepewa kazi ya kukagua ni chama cha wakulima wenyewe, jirani kwa jirani. Ukizidisha, wenzako wanakung'olea na unakosa haki ya kupanda kwa muda. Ulaya ilikuwa imeshaanza, tangu mwisho wa miaka ya tisini, kusaidia halmashauri za Chapare kujenga barabara, shule na maji bila kumwambia mkulima ang'oe kwanza ndipo asaidiwe. Ndizi za Chapare zikapata soko Argentina. Si mbali, si Miami. Argentina, kwa lori.

Sitawaficha: kufika mwaka 2021 koka ya Bolivia ilikuwa imerudi zaidi ya hekta 30,000. Kipande halali kinataka serikali inayokisimamia kila mwaka, na siasa zikiharibika nacho kinaharibika. Lakini miaka ile ya kushuka, bila ndege kumwaga sumu juu ya watoto, ni kitu ambacho ushuru sifuri haukuwahi kukileta peke yake.

Nyumbani sasa. AGOA ilisainiwa na Clinton Mei 2000, na umbo lake ni lilelile: zawadi yenye masharti, mtoaji ndiye hakimu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya yetu walikubaliana kuachana na mitumba ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wauza mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya ikarudi nyuma, sisi na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikasimama, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye upendeleo. Burundi ilikwisha kutolewa 2016, Uganda ikatolewa Januari 2024. Na tarehe 30 Septemba 2025 muda wa sheria nzima ukaisha, na wale wasichana wa viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, wakalala siku hiyo bila kujua oda ya Krismasi iko salama au la. Kiwanda kitaagizaje mashine za miaka kumi kwa soko ambalo uhai wake unaamuliwa mwaka kwa mwaka na bunge ambalo hakulipigia kura?

Kwa hiyo wajumbe wetu watakapokwenda kwenye mazungumzo mengine, nataka waulizwe kabla hawajapanda ndege. Bidhaa gani hasa inafutiwa ushuru, na je, leo inatozwa? Nani anaizalisha, na anakaa kilomita ngapi kutoka barabara ya lami? Ukiondolewa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, nani atapoteza kazi wiki ya kwanza?

Na liko jambo letu wenyewe, hapahapa mkoani. Kwenye milima ya Same kuna wenzetu wanaolima mirungi. Ni haramu kwa sheria yetu, na kila msimu tunasikia operesheni, mashamba yamefyekwa, watu wamekamatwa. Mirungi nayo haisubiri mnada: inakatwa, inafungwa, inaondoka, fedha inarudi siku ileile. Wilaya hiyohiyo ya Same ina tangawizi inayosifika nchi nzima. Mimi nauliza ushirika uliopo hapa: tunaweza kupeleka gari mpaka juu kabisa, siku maalumu ya wiki, likanunua kile wanachoweza kulima cha halali kwa fedha taslimu, bila malipo ya pili? Nimeandika makadirio ya mafuta, dereva na mtaji wa kununulia wa miezi sita, nakala ziko kwa katibu. Hesabu zangu zina bei ya dizeli ya mwezi uliopita, kwa hiyo mzirekebishe.

Wapo wageni wetu wanne kutoka huko juu, wamekaa nyuma karibu na mlango. Ndugu Mwenyekiti, najua ratiba inasema maafisa wa wizara ndio wanaofuata. Naomba kipaza sauti kiwafikie wao kwanza.